Mtoto mwenye tundu la moyo (VSD): jinsi ya kumtunza tangu kipimo cha kwanza hadi utu uzima

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vya chini ndivyo vinavyosukuma: cha kulia hupeleka damu mapafuni, cha kushoto huipeleka mwili mzima. Kati yao kuna ukuta. Mtoto akizaliwa ukuta huo una tundu, kwenye kadi yake zitaandikwa herufi VSD. Utotoni hakuna kasoro ya moyo ya kuzaliwa inayoonekana mara nyingi kuliko hii.

Chumba cha kushoto kina nguvu kuliko cha kulia. Kwa hiyo damu iliyokwisha kuchukua oksijeni, badala ya kwenda yote mwilini, sehemu yake huvuja tunduni na kurudi mapafuni ilikotoka. Mapafu hujaa, na moyo hufanya kazi maradufu kwa damu ileile. Mambo mawili ndiyo yanayoamua yatakayompata mtoto: ukubwa wa tundu, na muda linaoachwa wazi. Ukali wa mlio unaosikika kwenye kifua hauamui. Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji yanatoka kwa kelele na kwa kasi. Ukiuachia, yanamwagika kimya. Tundu la moyo nalo ni hivyo hivyo. Dogo lina mlio mkubwa, na lile kubwa la hatari linaweza lisisikike vizuri kabisa. Mama akiambiwa "mtoto ana mlio mdogo tu", bado hajaambiwa kitu.

Kuelewa karatasi ya eko

Kipimo kinachojibu ni eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Eksirei itaonyesha moyo uliopanuka na mapafu yaliyojaa, na kipimo cha umeme wa moyo kitaonyesha chumba kilicholemewa, lakini tundu lenyewe huonekana kwenye eko. Usikubali kuondoka na karatasi iliyoandikwa "VSD" pekee. Muulize daktari mambo manne, na uyaandike nyuma ya kadi kwa mkono wako.

La kwanza, liko wapi. Matundu mengi yako sehemu nyembamba ya ukuta, karibu na valvu, yaani milango ya moyo inayoruhusu damu kupita upande mmoja tu. Baadhi yake hupungua au kuzibwa na tishu za valvu ya jirani zinazojishikiza hapo. Yaliyo ndani ya misuli ya ukuta ndiyo yenye tabia nzuri: mengi hujifunga yenyewe katika miaka miwili ya mwanzo, hasa yakiwa madogo. Lakini kuna watoto ambao misuli hiyo ina matundu mengi kama chekeche, na hao ni kazi ngumu hata kwa daktari mpasuaji mzoefu. Tundu lililo juu kabisa, chini ya valvu za mishipa mikubwa, halijifungi, na mkondo wa damu unaopita hapo huvuta kipande cha valvu ya aota (mshipa mkubwa unaopeleka damu mwilini) mpaka ianze kuvuja. Tundu lililo nyuma, karibu na valvu zinazoingiza damu kwenye vyumba vya chini, nalo halijifungi. Hili huonekana sana kwa watoto wenye hali ya Down (wanaozaliwa na kromosomu moja ya ziada), ambao karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo. Mtoto yeyote mwenye Down apigwe eko hata kama anaonekana mzima, kwa sababu mapafu yake huharibika mapema kuliko ya wengine.

La pili, ukubwa. Milimita peke yake hazitoshi, maana milimita 5 kwa mtoto wa mwezi mmoja si sawa na milimita 5 kwa mtu mzima. Madaktari hulilinganisha tundu na pete ya valvu ya aota ya mtoto huyohuyo. Chini ya theluthi moja ya pete ni dogo, kati ya theluthi moja na mbili ni la wastani, zaidi ya theluthi mbili ni kubwa.

La tatu, kasi ya damu tunduni. Hapa kuna hesabu ambayo mzazi anaweza kuifanya mwenyewe. Chukua kasi iliyoandikwa kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 4. Kasi ikiwa 4, basi 4 × 4 × 4 ni 64. Hiyo ndiyo tofauti ya shinikizo kati ya kushoto na kulia. Kama presha ya juu ya mtoto mkononi ni 90, upande wa kulia una takribani 26: mapafu yanalindwa. Kasi ikiwa 2, tofauti ni 16 tu, na upande wa kulia una karibu 74. Mapafu ya mtoto huyo yanapigwa na shinikizo ambalo hayakuumbiwa, hata kama amelala kwa utulivu mikononi mwako.

La nne, vyumba vya kushoto vimepanuka au la, na valvu ya aota inavuja au la.

Kuna kosa la wakati ambalo huwapotosha wengi. Mtoto akizaliwa, mishipa ya mapafu yake bado imebana, hivyo damu haivuji kwa wingi. Hufunguka polepole katika wiki 4 hadi 8 za kwanza, na ndipo dalili hujitokeza. Kwa hiyo mtoto aliyepimwa siku ya tatu akaonekana hana shida anaweza kuhema vibaya akiwa na wiki sita. Kama tundu ni la wastani au kubwa, rudi ukiwa na miadi ya wiki ya nne hadi ya sita. Usingoje augue.

Mwenye tundu dogo, vyumba vya kawaida na valvu isiyovuja hahitaji dawa wala kunyimwa michezo. Anahitaji kadi yake itunzwe, meno yake yatunzwe na arudi kliniki kwa miadi. Sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata ni ya yule mwenye tundu la wastani au kubwa.

Nyumbani: pumzi, jasho na mizani

Hesabu pumzi mtoto akiwa amelala na hajatoka kunyonya. Tazama tumbo likipanda na kushuka kwa sekunde 60 kamili. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa sababu kichanga hupumua kwa vipindi na utakosea. Kuanzia pumzi 60 kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi 2 hadi 12, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, hiyo ni nyingi. Andika namba na tarehe. Kinachomsaidia daktari ni kuona kwamba wiki iliyopita zilikuwa 48 na leo ni 62.

Mtazame anavyonyonya. Mtoto mwenye moyo uliolemewa huanza kwa pupa, ananyonya dakika mbili tatu, anaachia titi, anahema, kichwa na paji la uso vinalowa jasho ilhali chumba kina ubaridi. Kisha anasinzia kabla hajashiba, na baada ya nusu saa analia tena kwa njaa. Mama hudhani maziwa yake hayatoshi. Maziwa yapo, mtoto ndiye hana nguvu ya kuyavuta.

Mpime uzito mara moja kwa wiki, mizani ileile, akiwa uchi, kabla ya kunyonya. Katika miezi mitatu ya mwanzo mtoto mwenye afya huongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku, yaani gramu 140 hadi 210 kwa wiki. Akiongeza nusu ya hapo wiki mbili mfululizo, usisubiri miadi. Lakini akiongeza gramu 200 ndani ya siku moja au mbili, kope zikiwa zimevimba na pumzi zimepanda, hayo ni maji. Mpeleke hospitali.

Watoto hawa hupotea njiani kabla ya kufika kwa daktari wa moyo. Wanatibiwa nimonia mara tatu, mara nne. Wengine huambiwa wana pumu, wengine kifua kikuu. Na mtaani mtoto asiyenenepa husemwa amebemendwa, mama na baba wakabeba lawama ambayo si yao, au hupelekwa kukatwa kimeo ili kikohozi kiishe. Kukata kimeo hakugusi tundu la moyo. Kunamwaga damu ya mtoto ambaye hana ya akiba, na kisu kisicho safi hufungua njia ya vijidudu kufika moyoni. Mtoto akishapata nimonia mara ya pili ndani ya miezi michache na uzito haupandi, omba moyo wake usikilizwe na apewe rufaa ya eko.

Midomo ikiwa ya bluu, mtoto akiguna kila anapotoa pumzi, mbavu zikizama ndani, akishindwa kunyonya kabisa, mikono na miguu ikiwa baridi, au akilegea na haamki vizuri, ondokeni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kumlisha

Lishe ndiyo tiba inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayomfikisha mtoto kwenye upasuaji akiwa na nguvu. Mtoto wa kawaida hutumia takriban kilokalori 100 hadi 120 kwa kila kilo kwa siku. Mwenye tundu kubwa huhitaji 120 hadi 150, kwa sababu kuhema kwenyewe kunakula nishati.

Tuchukue mtoto wa kilo 4. Akipata maziwa mililita 150 kwa kila kilo, ni mililita 600 kwa siku. Maziwa ya mama yana takriban kilokalori 67 katika mililita 100, kwa hiyo amepata kama 400, wakati anahitaji 480 hadi 600. Pengo hilo halizibwi kwa kumwongezea maji maji, maana moyo hauyawezi. Linazibwa kwa kuongeza nishati katika kiasi kilekile.

Anza hivi. Mlishe kila baada ya saa mbili hadi tatu, mchana na usiku. Mililita 600 kwa milo 12 ni 50 kila mlo. Kila mlo usizidi dakika 30. Ukipita hapo anachoma zaidi ya anachoingiza. Kinachobaki kikamuliwe na kitolewe kwa kikombe kidogo, na akichoka hata kwa kikombe, hospitali itamwekea mpira wa kulishia puani. Wazazi wengi huuogopa mpira huu wakidhani ni dalili ya mwisho. Si hivyo: unampumzisha, na wengi hutolewa mpira uzito ukishapanda. Ukikamua, weka pembeni maziwa ya mwanzo na umpe kwanza yale ya mwisho, yenye mafuta zaidi.

Kuongeza mafuta ya kupikia au unga wa maziwa ya kopo kwenye maziwa yaliyokamuliwa hufanyika, lakini kipimo kitoke kwa mtaalamu wa lishe. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kina kilokalori karibu 40. Ukizidisha, mtoto anaharisha na anapoteza ulichompa. Baada ya miezi sita, uji uwe mzito, wenye karanga zilizosagwa au maziwa na mafuta kidogo, bila chumvi. Uji mwepesi wa kunywa kwa chupa hujaza tumbo na kuacha mwili na njaa.

Upungufu wa damu nao unaulazimisha moyo kusukuma zaidi. Alale kwenye chandarua chenye dawa, apimwe wingi wa damu, apewe madini ya chuma yakihitajika. Chanjo zote ziende kwa ratiba: pentavalenti na ya nimonia wiki ya 6, 10 na 14, surua na rubella miezi 9 na 18, na ya mafua pale inapopatikana. Ugonjwa wa moyo si sababu ya kuchelewesha chanjo. Ni sababu ya kuwahi.

Dawa, na makosa yanayotokea jikoni

Dawa hazizibi tundu. Zinampunguzia moyo mzigo hadi tundu lijifunge au lizibwe. Dozi huwekwa na daktari kwa uzito. Namba zilizo hapa ni za kukusaidia kugundua kosa, si za kuanza tiba nyumbani.

Furosemaidi hutoa maji, kwa kawaida miligramu 1 kwa kila kilo kwa dozi. Spironolaktoni huongezwa ili mwili usipoteze potasiamu. Kaptoprili hulegeza mishipa ili damu nyingi zaidi iende mwilini. Huanza na kiasi kidogo, kama miligramu 0.1 hadi 0.3 kwa kilo, na dozi ya kwanza hutolewa mahali ambapo presha inaweza kupimwa. Digoksini, ya kuusaidia moyo kusukuma, hutumiwa kwa baadhi tu.

Tatizo ni kwamba vidonge vimetengenezwa kwa watu wazima. Furosemaidi ina miligramu 40, na mtoto wa kilo 4 anahitaji 4. "Nusu kidonge" kwa mtoto huyo ni dozi tano kwa mpigo. Njia inayofundishwa hospitali nyingi ni kukiyeyusha kidonge katika mililita 10 za maji safi: hapo kila mililita ina miligramu 4. Furosemaidi haiyeyuki sawasawa, huzama chini ya kikombe, kwa hiyo koroga na uvute palepale kwa sirinji isiyo na sindano. Ukiiacha itulie, unaweza kuvuta maji matupu ya juu, au dawa yote iliyozama chini. Kaptoprili ya miligramu 25 katika mililita 25 hutoa miligramu 1 kwa mililita. Mchanganyiko unaobaki mwage, usiuweke hadi kesho. Sirinji iwe ya mililita 1 au 2, na mfamasia aiwekee alama ya wino mbele yako. Kijiko cha chai kisitumike kwa dawa hizi.

Mtoto akifikisha kilo 6 huku bado akipewa dozi ya kilo 4, tiba imeshapungua bila mtu kujua. Kila miadi, dozi ikaguliwe upya.

Akianza kuharisha au kutapika sana, wasiliana na kituo siku hiyohiyo kabla ya kumpa furosemaidi au kaptoprili. Mwili uliokauka ukipewa dawa hizi, figo huumia. Maji ya ORS hayakatazwi. Ibuprofeni na diklofenaki visitumike. Kwa homa na maumivu tumia parasetamo. Kaptoprili na spironolaktoni zikitumika pamoja, potasiamu na figo zipimwe damu kila baada ya muda. Kwa anayetumia digoksini: akianza kukataa kunyonya, kutapika, au mapigo ya moyo kushuka chini ya 100 kwa dakika akiwa kichanga, usimpe dozi inayofuata, nenda naye hospitali na chupa ya dawa mkononi. Na usirudie dozi ya digoksini iliyotapikwa.

Neno kwa wenzetu wa zahanati. Mtoto wa VSD kubwa anayehema haraka na mwenye mikono baridi asipewe dripu ya kasi kama mwenye upungufu wa maji, mapafu yatajaa. Oksijeni apewe pale kipimo cha kidoleni kinapoonyesha imeshuka, maana oksijeni hufungua mishipa ya mapafu na kuzidisha uvujaji. Damu, akihitaji, iwe mililita 10 kwa kilo za chembe nyekundu, kwa saa tatu hadi nne, na furosemaidi. Pia sindano ya penisilini ya kila mwezi ni ya ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi. VSD haitibiwi nayo, na tumeona kadi nyingi zinazochanganya haya mawili.

Utulivu wa kuogopwa

Ikiwa utakumbuka sehemu moja tu ya maelezo haya, iwe hii. Mtoto wa tundu kubwa alikuwa anahema, anatoka jasho, hanenepi. Akifika kama mwaka mmoja, anaanza kutulia. Jasho linakauka, pumzi zinapungua, anaongeza uzito, nimonia haziji tena. Nyumba inashukuru Mungu, nauli ya kliniki inapelekwa kwingine.

Inawezekana tundu limepungua kweli. Inawezekana pia kwamba mishipa midogo ya mapafu, iliyopigwa na shinikizo kwa miezi, imejenga kuta nene na kubana. Damu haivuji tena kwa wingi kwa sababu haina pa kupita. Nje, hali hizi mbili zinafanana kabisa. Eko ndiyo inayozitenganisha: kwa wa kwanza, kasi ya damu tunduni imepanda, kwa wa pili, imeshuka. Mtoto anayetulia apigwe eko ndani ya wiki chache. Tundu kubwa likizibwa kabla ya mwaka mmoja, mapafu kwa kawaida hurudi hali yake. Baada ya miaka miwili matumaini hayo hupungua kwa kasi.

Mapafu yakishindwa kabisa, mkondo unageuka na damu isiyo na oksijeni inapita kwenda mwilini. Midomo inakuwa ya bluu, ncha za vidole zinavimba kama virungu. Hii ni hali ya Eisenmenger, yenye jina la daktari wa Austria aliyeieleza mwaka 1897. Hapo tundu halizibwi tena. Limekuwa tundu la kupumulia la upande wa kulia wa moyo, na kulifunga kunaua.

Kuziba

Tundu kubwa lenye moyo kushindwa licha ya dawa na lishe huzibwa katika umri wowote, mara nyingi kati ya miezi mitatu na sita. Kubwa lenye shinikizo la juu la mapafu huzibwa kabla ya kutimiza mwaka. La wastani linalopanua vyumba vya kushoto huweza kusubiri kidogo likifuatiliwa. La chini ya valvu za mishipa mikubwa huzibwa valvu ya aota inapoanza kuvuja, hata kama tundu ni dogo. Kwa Afrika Mashariki upasuaji huu unafanyika, miongoni mwa pengine, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Dar es Salaam, Hospitali ya Mater Nairobi na Taasisi ya Moyo ya Uganda jijini Kampala. Foleni ni ndefu, kwa hiyo omba jina liingizwe mapema, na mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu gharama siku ileile ya rufaa.

Kifua hufunguliwa katikati, mashine huchukua kazi ya moyo na mapafu, na kiraka hushonwa juu ya tundu kupitia chumba cha juu cha kulia. Operesheni ya kwanza ya namna hii ilifanywa mwaka 1954 huko Minnesota, Marekani, na C. Walton Lillehei, kabla mashine hizo hazijazoeleka. Damu ya mtoto ilizungushwa kupitia mwili wa mzazi wake aliyelala meza ya pili. Leo, katika vituo vyenye uzoefu, wanaofariki ni kama mmoja katika mia. Kinachoweza kwenda kombo: nyuzi za umeme wa moyo hupita ukingoni mwa tundu, zikiguswa mtoto anaweza kuhitaji kifaa cha kuratibu mapigo, na uvujaji mdogo unaweza kubaki pembeni mwa kiraka. Kwa matundu ya chekeche au mtoto dhaifu mno, mshipa wa mapafu hubanwa kwanza kwa utepe ili kuyalinda hadi akue. Baadhi ya matundu huzibwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa kinena bila kupasua kifua, lakini kichanga mdogo kwa kawaida hafai kwa njia hii.

Mfupa wa kidari huchukua takriban wiki sita kuunga. Muda huo usimwinue kwa makwapa. Weka mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya mabega na shingo. Usimbebe mgongoni kwa kanga mpaka daktari akuruhusu. Kifua kinabanwa mahali palipokatwa hasa. Kidonda kikitoa usaha, au mfupa ukisikika ukigonga anapokohoa, rudi siku hiyo. Kati ya wiki ya kwanza na ya sita, homa pamoja na kutapika, kuhema au kukataa kulala chali kunaweza kumaanisha maji yamejikusanya kuzunguka moyo. Aombewe eko. Asitibiwe malaria kwa kukisia.

Meno na homa

Vijidudu vya kinywani huingia kwenye damu na kujishikiza mahali inapopiga kwa kasi. Hata mwenye tundu dogo yumo hatarini. Apige mswaki mara mbili kwa siku, dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele hadi miaka mitatu, kisha kiasi cha punje ya njegere. Aende kwa daktari wa meno kabla jino halijaoza.

Dawa ya kinga kabla ya kung'oa jino si ya kila mtu mwenye VSD. Miongozo ya sasa inaitaka kwa aliyewahi kupata maambukizi ya moyo, mwenye rangi ya bluu, aliyezibwa ndani ya miezi sita iliyopita, na mwenye kiraka au kifaa kinachovuja pembeni. Ni amoksilini miligramu 50 kwa kilo, isizidi gramu 2, mara moja tu, dakika 30 hadi 60 kabla. Mtoto wa kilo 15 anapata miligramu 750, yaani mililita 15 za dawa ya maji ya 250 kwa mililita 5.

Homa: pima malaria kwanza. Ikiwa hakuna malaria, hakuna chanzo kinachoonekana, na homa imepita siku tatu, aende hospitali inayoweza kuotesha damu, na sampuli tatu zichukuliwe kabla ya antibayotiki yoyote. Vidonge vya duka la dawa vikitangulia, vijidudu havioti kwenye maabara ilhali vinaendelea kula valvu.

Akiwa mtu mzima

Mwenye tundu dogo lisilozibwa huishi maisha ya kawaida, lakini arudi kwa eko kila miaka mitatu hadi mitano. Kinachotafutwa ni valvu ya aota kuanza kuvuja, misuli kunenepa na kuziba njia ndani ya chumba cha kulia, na mapigo yasiyo na mpangilio. Akikutwa chumba cha kushoto kimepanuka na damu inayopita mapafuni ni mara 1.5 au zaidi ya inayokwenda mwilini, tundu huzibwa hata ukubwani, mradi mapafu yamepimwa kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni) na yanaruhusu. Aliyezibwa utotoni asiseme amemaliza. Mapigo yanaweza kukorofisha miaka mingi baadaye.

Mwenye Eisenmenger anaweza kuishi miaka mingi akilindwa. Sildenafili na bosentani, dawa za kulegeza mishipa ya mapafu, husaidia. Asikae na kiu, asipande milima, asitolewe damu kwa sababu tu hemoglobini iko juu, maana upungufu wa madini ya chuma humletea kiharusi. Kila anapowekewa dripu, amwambie muuguzi atoe viputo vyote vya hewa: kiputo kisichomdhuru mtu mwingine, kwake hupita tunduni hadi kwenye ubongo. Maumivu makali ya kichwa yenye homa yachunguzwe kama jipu la ubongo.

Mimba kwa mwenye Eisenmenger huua mama wengi kiasi kwamba ushauri ni mmoja, asishike. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni havimfai kwa sababu ya damu kuganda, na bosentani inaweza kupunguza nguvu ya vipandikizi na sindano, hivyo mpango wake upangwe na daktari wa moyo na wa uzazi pamoja. Kwa mwanamke mwenye tundu dogo au lililozibwa vizuri, asiye na shinikizo la juu la mapafu, mimba na kujifungua kwa njia ya kawaida kwa kawaida ni salama. Apate chanjo ya rubella angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, na sukari idhibitiwe kama anayo. Uwezekano wa mtoto wake kuwa na kasoro ya moyo ni kama 3 hadi 6 katika mia, wakati kwa watu wote ni karibu 1. Aombe eko ya mtoto tumboni kati ya wiki ya 18 na 22. Matundu madogo hayaonekani humo, kwa hiyo mtoto asikilizwe moyo akizaliwa na tena akifikisha wiki sita.